Ardhi Ifaayo na Ardhi Isiyofaa: Istilahi za Ramani za Kilimo cha Kahawa katika Nchi Kame

Maneno kahawa na buni yalitufikia kutoka Kiarabu. La kwanza likiwa jina la kinywaji, la pili likiwa jina la tunda na punje zake. Mmea wenyewe asili yake ni misitu ya milima ya kusini-magharibi ya Ethiopia, lakini nchi iliyoufanya kuwa zao la shambani na la biashara ni Yemeni. Yapata karne ya 15 Wayemeni walikuwa wameanza kuutunza milimani kwao, na katika karne za 17 na 18 buni yao ilipakiwa melini katika bandari ya Makha, kwenye Bahari ya Shamu, hata jina la bandari hiyo likageuka kuwa jina la kahawa katika lugha kadhaa za Ulaya.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Yemeni ni nchi kame. Haina mto utiririkao mwaka mzima. Mji mkuu wake, Sanaa, katika mwaka wa kawaida haupati mvua ya kufikia milimita 300, ilhali vitabu vya kilimo husema kwamba kahawa ya aina ya arabika hustawi vyema penye milimita 1,200 hadi 1,800. Basi, ni wapi katika nchi kama hiyo panapofaa kupandwa kahawa? Swali hilo siku hizi hujibiwa kwa ramani, na ramani hunena kwa rangi na kwa maneno. Rangi huchaguliwa na mchoraji. Maneno, yanapohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, huwa mikononi mwa mfasiri.

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha mafunzo kuhusu ramani za namna hiyo, mfano wake mkubwa ukiwa ni Yemeni. Mfasiri wake ni mtu hodari, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo, katika ufunguo wa ramani tulikuta rangi mbili zilizo tofauti zimepewa jina moja: “ardhi isiyofaa”. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwamba hakuona tofauti yenye maana baina ya hizo mbili. Kisichofaa ni kisichofaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti ipo, tena ni kubwa, na kwamba ndani yake mna shamba la mtu. Kadhalika tutapendekeza istilahi chache zitakazowasaidia wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaokutana na ramani hizi.

Ardhi si udongo

Tuanze na neno la msingi. Mara nyingi ardhi na udongo huchanganywa, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna madhara. Katika taaluma hii madhara yapo. Udongo ni kile akishikacho mkulima mkononi: kichanga, mfinyanzi, tifutifu. Ardhi ni mahali pazima: udongo, pamoja na mwinuko, mteremko, hali ya hewa, maji na mimea, kwa kadiri vitu hivyo vinavyoathiri matumizi ya mahali hapo. Huo ndio msimamo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa katika mwongozo wake wa mwaka 1976 wa kutathmini ardhi, mwongozo ambao hadi leo ndio msingi wa ramani nyingi za aina hii.

Katika Yemeni tofauti hii huonekana waziwazi. Udongo wa bonde fulani huweza kuwa mzuri sana, lakini bonde likiwa kwenye uwanda wa Tihama, kando ya bahari, joto lake haliruhusu kahawa. Anayeandika “udongo unaofaa kahawa” mahali pa “ardhi ifaayo kwa kahawa” amekwisha kuondoa joto, mvua na mteremko katika hesabu, bila ya yeye mwenyewe kujua.

Nchi kame na nchi kavu

Neno la pili la hatari ni ukavu. Baadhi ya wafasiri huandika “nchi kavu” wakikusudia nchi isiyo na mvua ya kutosha. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili nchi kavu ni kinyume cha bahari. Baharia anaposhuka chomboni hukanyaga nchi kavu, ijapokuwa mvua inanyesha. Istilahi ifaayo ni nchi kame.

Aidha, yapasa kutofautisha hali ya kudumu na tukio la kupita. Magazeti yetu hutumia neno ukame kwa mwaka ambao mvua zimekosekana, hata katika nchi yenye mvua nyingi. Hatuoni sababu ya kupigana na matumizi hayo yaliyokwisha enea. Twapendekeza kwamba tukio liitwe kipindi cha ukame, na hali ya kudumu ielezwe kwa maneno hali ya nchi kame. Ramani ya ufaafu huchorwa kwa kufuata hali ya kudumu. Kipindi cha ukame ni msiba unaoweza kuipata ardhi ya daraja lolote.

Jinsi ramani inavyotengenezwa

Mtaalamu hukusanya kwanza taarifa za namna mbalimbali: joto, mvua, mwinuko, mteremko, na aina na kina cha udongo. Kila moja ya taarifa hizi huwa ramani yake peke yake, na ramani hizo hupandanishwa, moja juu ya nyingine, mfano wa karatasi zinazopitisha mwanga. Kila ramani iliyopandanishwa tunaiita tabaka. Zamani kazi hii ilifanywa kwa mkono mezani. Leo hufanywa kwa kompyuta, na vipimo vingi hutoka angani. Kwa mfano, vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari mwaka 2000 vimeigawa sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia katika miraba yenye upande wa mita 30 hivi.

Tabaka moja huweza kuzaa jingine. Kwa kawaida joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 0.6 kila upandapo mita 100. Tuseme mahali palipo mita 500 juu ya usawa wa bahari pana joto la wastani wa nyuzi 27. Basi kwa kupanda hadi mita 1,500 tutazamie nyuzi 21, yaani joto ambalo arabika hulipenda. Ndiyo maana mashamba mengi ya kahawa ya Yemeni yapo kwenye miteremko ya magharibi, katika sehemu kama Haraz, Bani Matar na Raymah, baina ya mita 1,000 na 2,400 hivi. Chini ya ukanda huo mmea huunguzwa na joto. Juu yake, huuawa na baridi ya usiku. Safu hiyo ya milima huendelea kaskazini hadi Jazan nchini Saudi Arabia, ambako nako kahawa hulimwa. Mwaka 2022 maarifa ya kilimo cha kahawa ya Khawlani ya huko yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika.

Matabaka yakishapandanishwa, kila mahali hupewa daraja. Hapa tunatahadharisha: wapo waandikao “tabaka la kwanza, tabaka la pili” kwa maana ya ubora wa ardhi. Kwa kuwa tabaka limekwisha kutumika kwa ramani zinazopandanishwa, msomaji atachanganyikiwa. Tabaka liwe la ramani, daraja liwe la ardhi, na kiwango kiwe cha kipimo, kama vile kiwango cha joto au cha mvua.

Njia za kuamua daraja ni nyingi, lakini mbili ndizo za kawaida. Katika njia ya kwanza, kila jambo hupewa uzito wake, kisha alama hujumlishwa. Katika njia ya pili, jambo lililo baya kuliko yote ndilo liamualo, hata kama mengine yote ni mazuri. Jambo hilo twaliita kikwazo. Katika nchi kame njia ya kwanza huweza kupumbaza. Joto zuri na udongo mzuri hujumlishwa hata vikafunika upungufu wa maji, na ramani ikang’ara kwa rangi ya matumaini mahali ambapo mbuni hauwezi kumaliza mwaka wa kwanza.

Mvua na maji

Kinyume chake nacho hutokea. Mtu akichukua kipimo cha mvua peke yake na kukitia katika mizani ya milimita 1,200, karibu milima yote ya Yemeni itakataliwa, na kilimo cha zaidi ya miaka 500 kitakuwa kimefutwa kwa kalamu. Kosa li wapi? Li katika neno. Jambo linaloulizwa ni maji yanayoufikia mzizi, na mvua ni sehemu moja tu ya maji hayo. Mkulima wa Yemeni hategemei mvua iangukayo juu ya kipande chake tu. Juu ya shamba mna mteremko wa mawe usiolimwa. Maji yaangukayo hapo huongozwa kwa mifereji hadi shambani, yakatulizwa nyuma ya ukuta wa mawe, yakazama polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa njia hiyo shamba hupata maji mengi kuliko yale yanayotajwa na kipimo cha mvua.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu zisichanganywe. Mvua ni ile iangukayo. Maji ya mtiririko ni yale yanayoteremka juu ya uso wa ardhi. Maji yapatikanayo ni jumla ya yale ambayo mmea unaweza kuyatumia, yawe ya mvua, ya mtiririko au ya kisima. Neno uvunaji wa maji limekwisha zoeleka kwetu, na lafaa kutumika kwa kazi ile ya kuyakusanya.

Uwezo na ufaafu

Tumefikia neno lililobeba mzigo wa makala haya. Wapo wanaosema “uwezo wa ardhi”, wapo wanaosema “ubora wa ardhi”, na wapo wanaosema “ufaafu wa ardhi”, kana kwamba ni mamoja. Uwezo hutazama ardhi kwa jumla, bila kutaja zao: ardhi hii yaweza kulimwa, ile iachwe kwa malisho au msitu. Ubora ni sifa, na msomaji huelewa kwamba kilicho bora ni bora kwa kila jambo. Ufaafu, kwa asili ya kitenzi kufaa, hudai kujazwa: chafaa kwa nini? chamfaa nani? Mundu wafaa kwa kukata majani. Hauitwi mbaya kwa kuwa haufai kuchotea maji.

Shamba moja la mlimani Yemeni laweza kufaa kwa mtama, likafaa kwa mirungi, na lisifae kwa kahawa. Tena laweza kufaa kwa kahawa ya kumwagiliwa na lisifae kwa kahawa ya kutegemea mvua. Kwa hiyo twasisitiza kwamba neno ufaafu lisiandikwe katika kichwa cha ramani bila ya kufuatwa na kwa: “Ufaafu wa ardhi kwa kahawa ya kutegemea mvua”. Maneno hayo machache ya ziada humzuia ofisa asiyelijua jambo kuitazama ramani ya kahawa na kuhukumu kwamba watu wa mahali fulani wana ardhi mbaya.

Madaraja matano

Mwongozo wa mwaka 1976 una madaraja matano, nayo huandikwa kwa alama za S na N. Alama hizi zibaki kama zilivyo, kama zibakivyo alama za kemia, kwa kuwa husomwa na wataalamu wa mataifa yote. Majina ndiyo tunayoyatafuta.

S1 haina shida: ardhi ifaayo sana. S2 nayo ni nyepesi: ardhi ifaayo kiasi. S3 imefasiriwa na wengi kuwa “ardhi ifaayo kidogo”. Hatuipendi tafsiri hiyo. Kidogo humfanya msomaji afikiri kwamba eneo ni dogo au mavuno ni machache. Maana yenyewe ni kwamba vikwazo ni vikali kiasi kwamba gharama ya kuvishinda na faida ipatikanayo zinakaribiana sana. Twapendekeza ardhi ifaayo kwa shida. Neno shida hutaja jasho la mkulima, na hilo ndilo linalopimwa.

Sasa tuingie katika N1 na N2, zile rangi mbili zilizopewa jina moja. N1 ni ardhi ambayo vikwazo vyake vinaweza kuondolewa baadaye, ila kwa maarifa yaliyopo na kwa gharama inayokubalika leo haiwezekani. N2 ni ardhi ambayo vikwazo vyake ni vikali hata hakuna tumaini la kuitumia kwa jambo lile kwa mafanikio. N1 tunaiita ardhi isiyofaa kwa sasa. N2 ilitupa taabu zaidi. Wengine hupendekeza “isiyofaa daima”, lakini maneno hayo yana pande mbili: yaweza kumaanisha kwamba haitafaa milele, na yaweza kumaanisha kwamba haifai nyakati zote, yaani nyakati nyingine inafaa. Wengine husema “isiyofaa kabisa”. Lakini kabisa hutaja ukali na si muda, na hata N1 yaweza kuwa haifai kabisa kwa leo. Neno kamwe huambatana na ukanushi na hutaja muda bila ya shaka. Kwa hiyo twapendekeza ardhi isiyofaa kamwe.

Je, tofauti hii ni ya wanalugha tu? Tulitazame shamba moja la mlimani Yemeni. Ukuta wake wa mawe ukiwa mzima na mifereji ikiwa imezibuliwa, hiyo ni ardhi ya S2 au S3. Katika miaka ya 1970 wanaume wengi wa milimani walikwenda kufanya kazi katika nchi za mafuta, na kuta nyingi zikakosa watu wa kuzitengeneza. Ukuta ukibomoka, maji huteremka kwa nguvu na kuuharibu ukuta wa shamba la chini, na ule wa chini yake. Kwa muda, ardhi hiyo ni N1: haifai kwa sasa, lakini mawe yapo, udongo bado upo, na mikono ikirudi ukuta husimama. Ikiachwa mvua baada ya mvua, udongo huchukuliwa hadi bondeni na mwamba hubaki wazi. Hapo imekuwa N2. Madaraja hayo, basi, yaweza kuwa historia ya shamba moja. Mfasiri anapoziita N1 na N2 kwa jina moja, amemwambia mwenye fedha za ukarabati kwamba ukuta uliobomoka na mwamba uliokwisha vuliwa udongo ni hali moja. Naye hatajenga popote.

Tuta au ngazi?

Mashamba hayo ya mlimani tuyaiteje? Neno la haraka ni matuta. Lakini tuta la viazi ni udongo ulioinuliwa, na shamba la Yemeni ni uwanja uliosawazishwa na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe. Waarabu huyaita mashamba hayo mudarrajat, neno la shina lile lile lililotupa daraja, ambalo maana yake ya asili ni kidato cha kupandia. Twapendekeza mashamba ya ngazi, na kila uwanja uitwe kidato. Kidato kimoja huweza kuwa na upana wa mita chache tu. Mraba mmoja wa ramani wa mita 30 hubeba vidato kadhaa pamoja na kuta zake, na ramani huvipa vyote daraja moja. Kwa sababu hiyo ukubwa wa mraba utajwe daima katika ufunguo, ili msomaji asiitake ramani imwonyeshe isichoweza kuona.

Neno matuta lina jambo jingine kwetu. Mwaka 1955 watu wa Uluguru walipinga kwa nguvu amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi milimani kwao. Wataalamu wa wakati ule waliona kwamba ardhi ile ilihitaji kukingwa na mmomonyoko. Wenyeji waliona kazi ngumu waliyolazimishwa kwa amri. Hili litukumbushe kwamba maneno ya ramani ni maelezo na si hukumu. “Ardhi ifaayo kwa kahawa” haina maana ya “ardhi ambayo lazima ipandwe kahawa”. Mtumishi wa serikali anayeisoma ramani mbele ya mkutano wa kijiji na aihifadhi tofauti hiyo katika usemi wake.

Mapendekezo kwa ufupi

Kuhusu mmea: mti ni mbuni, wingi mibuni, tunda na punje zake ni buni, kinywaji ni kahawa, mkahawa ni nyumba ya kunywea. Mbuni wa kahawa hautachanganywa na mbuni ndege wala na mbuni wa mitindo, kwa kuwa upatanisho huwatenga: mbuni umechanua, mbuni amekimbia.

Kuhusu mahali: ardhi, udongo, mwinuko, mteremko, shamba la ngazi, kidato.

Kuhusu hali ya hewa na maji: nchi kame, kipindi cha ukame, mvua, maji ya mtiririko, maji yapatikanayo, uvunaji wa maji.

Kuhusu ramani: tabaka, kupandanisha, ufunguo, mraba, uzito, kikwazo, kiwango, daraja.

Kuhusu daraja:
S1 ardhi ifaayo sana
S2 ardhi ifaayo kiasi
S3 ardhi ifaayo kwa shida
N1 ardhi isiyofaa kwa sasa
N2 ardhi isiyofaa kamwe

Haya ni mapendekezo, na bado hayajasanifishwa. Mabwana na mabibi shamba, walimu wa jiografia na wafasiri wanaotumia maneno mengine katika kazi zao wanaombwa watuandikie, wakitaja neno, mahali linapotumika, na sentensi moja ya mfano. Yule mfasiri wetu alikwisha irudia rasimu yake. Rangi mbili sasa zina majina mawili, na katika ukingo wa ukurasa ameongeza kwa mkono sentensi yake mwenyewe: “Isiyofaa kwa sasa maana yake ukuta waweza kujengwa.” Tumeshauri sentensi hiyo ichapwe pamoja na ufunguo.